Waliorekodi muheme wetu hawakuuliza majina

Ndugu Mhariri,

Walikuja kijijini kwetu, wilayani Chamwino, vijana watatu na kamera kurekodi muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Akina mama wakakoka moto wa nyasi, wakazipasha ngoma hadi ngozi zikakaza, wakazibana mapajani na kuzicharaza mpaka jua likazama. Bibi anayeanzisha nyimbo sauti ilimkauka katikati. Akaomba maji, akaanza upya. Malipo yalikuwa soda, tena ya moto.

Sasa video ipo mtandaoni: "Ngoma ya asili, Tanzania." Hakuna jina la bibi, kijiji, wala kwamba anaimba Kigogo. Hata kile kipande alichoanza upya, ambacho mimi naona ndicho kitamu zaidi, wamekikata.

Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alirekodi huku Tanganyika mwaka 1950, kwa mitambo mizito ya kubebwa na gari, na bado aliandika kadi: lugha gani, ala gani, wapi. Kanda zake zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Ni mbali, na mzee wa Kigogo hana nauli ya kwenda kumsikiliza babu yake. Lakini angalau anayetafuta atapata pa kuanzia.

Mwenye simu mfukoni anashindwa nini kuuliza, "Mama, unaitwa nani, na wimbo huu huimbwa lini?"

Na nakala waache kijijini. Flashi moja inatosha. Redio ya shule yetu inaisoma.

Msomaji wenu,
Chamwino, Dodoma