Barua kwa Mwanangu Aliyekabidhiwa Usalama wa Mafundi

Mwanangu mpendwa,

Hongera kwa kazi. Kukabidhiwa usalama wa watu kwenye karakana ya kukata mawe si jambo dogo, nami kama mama yako nina neno kuhusu lile vumbi.

Usihesabu kwamba umewaambia mafundi kwa kuwa bango limebandikwa ukutani. Bango huamuru tu "Vaa barakoa". Haliwaelezi kwamba vumbi la silika, madini yaliyomo ndani ya mawe, linalofika ndani kabisa ya mapafu ni jembamba mno kwa jicho, wala kwamba silikosisi, ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi hilo, mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, na haina tiba. Kijana mwenye nguvu zake atakuaminije? Mwambie wazi: leo hutasikia chochote, ndiyo maana nakuambia leo. Kisha mwonyeshe. Fundi mmoja mwenye barakoa inayombana vizuri akate jiwe kavu kidogo tu, wengine wakae mbali, nawe umulike tochi kali kando ya msumeno. Wataona wingu ambalo hawakujua lipo. Fungulieni maji kwenye msumeno, mmulike tena. Hapo hata asiyejua kusoma ameelewa.

Wala usiwatupie mzigo wote wa barakoa. Maji na mashine ya kufyonza vumbi vinatangulia, na hivyo ni juu ya mwajiri. Waambie hilo pia, hata kama bosi atanuna.

Wale wasichana waliopaka rangi ya radiamu, madini yenye mionzi ya hatari, kwenye saa huko New Jersey, Marekani, miaka ya 1920, waliambiwa haina madhara, wakawa wanachonga ncha ya brashi kwa midomo. Wakemia wa kiwanda hicho hicho walikuwa wakijikinga. Kila nikikumbuka naumia: habari ilikuwepo, ila iliishia juu.

Kwa hiyo vipimo vya hewa vikirudi, wasomee majibu hao hao wanaoivuta, kwa lugha yao. Anayeuliza maswali asionekane mkorofi. Tangu Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani limeweka mazingira salama na yenye afya kazini katika haki za msingi. Na ukimaliza kueleza, mwombe mmoja akurudishie kwa maneno yake. Utashangaa yaliyopotea njiani.

Vibarua wa zamu ya usiku je, nani huwaeleza? Niandikie ukishajua.

Mama yako