Lehemu tunaambiwa ni ya moyo, mbona kichwa hakitajwi?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako linaandika sana habari za presha na sukari na tunashukuru, ila kuna jambo silioni likisemwa, la lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) na ubongo, na mimi limenifika nyumbani.

Mama yangu ana miaka 74, huu mwaka wa nne anaumwa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu. Ilianza kidogo kidogo, unakunywa chai unakuta ina chumvi, simu inatafutwa nyumba nzima kumbe kaiweka kwenye ndoo ya unga, baadae ikawa kila jioni anajifunga kanga anabeba mkoba anasema anarudi kwao Muheza, anaaga kabisa, wakati yupo kwake kwenye nyumba aliyoijenga na baba. Majirani wakasema uzee huo, wengine wakasema karogwa.

Sasa juzi napekua madaftari yake ya kliniki ya zamani nakuta akiwa na miaka 50 na kitu walishampima mafuta kwenye damu, lehemu mbaya ilikuwa juu, kaandikiwa apunguze mafuta basi. Sisi tukajua ni mambo ya moyo, na moyo haukumsumbua, tukaachana nayo. Sisemi ndio iliyomletea, kwa mtu mmoja hakuna daktari atakayekuhakikishia hivyo. Lakini mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la Lancet liliiweka hiyo lehemu mbaya, wanayoiita LDL, kwenye orodha ya vitu 14 vinavyoongeza hatari ya magonjwa ya kupoteza kumbukumbu, pamoja na presha, sukari, sigara na hata kutosikia vizuri. Wakasema vyote vikidhibitiwa karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeepuka au wangechelewa kuugua. Asilimia 45 Mhariri, karibu nusu!

Kinachoniuma zaidi ni umri. LDL wanayoiongelea ni ile inayopanda kabla ya miaka 65, maana mishipa inaharibika taratibu miaka na miaka, hata ile midogo ya kwenye ubongo. Ukisubiri uzeeni ndio uanze statini, yaani dawa za kushusha lehemu, zinasaidia moyo kweli, ila majaribio makubwa kwa wazee hayakuonyesha kwamba zinalinda kumbukumbu. Kwahiyo wa kuambiwa ni sisi wa miaka 40 na 50, tunaokula chips za mafuta yaliyokaangia tangu asubuhi mpaka yamekuwa meusi, tunajiona wazima kwasababu lehemu haiumi popote.

Ombi langu kwa wizara, mtu akienda kupima presha apimwe na mafuta hapohapo, kwa bei ambayo mama ntilie anaimudu, na anayempa majibu amtajie na kichwa, asiishie kwenye moyo.

Mimi nina miaka 47, nimepima mwezi uliopita, iko juu, nimeanza dawa. Kaka zangu wawili wamegoma kwenda, wanasema moyo hauwaumi, na gazeti lako wanasoma kila siku kwahiyo naomba hii barua uitoe.

Msomaji wako,
Tanga