Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uhalisi wa Seti Zetu

Ndugu wanachama,

Nawasalimu na kuwashukuru kwa mwaka mwingine wa kushikamana. Mikutano yetu ilifanyika kama ilivyopangwa. Habari za mapato na matumizi atazieleza Mweka Hazina, na vitabu viko wazi kwa kila atakayependa kuvipitia. Mimi naomba nafasi yangu niitumie kwa jambo lililotushughulisha kuliko yote: seti za sarafu tunazonunua na kuuziana sisi wakusanyaji, na swali la kama sarafu zilizomo ndizo zilizowekwa humo kiwandani.

Jambo hili liliibuliwa na seti ya Tanzania ya 1966, ambayo wengi wetu tuliipenda kabla ya nyingine yoyote. Benki Kuu ilianza kazi tarehe 14 Juni mwaka huo, na sarafu zetu wenyewe zikaanza kuchukua nafasi ya zile za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, ilitupigia senti 5 yenye pembe kumi na mbili, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge, zote zikiwa na sura ya Mwalimu Nyerere. Mbali na mamilioni yaliyoingia sokoni, zilitolewa seti 5,500 za prufu, yaani sarafu zilizopigwa kwa uangalifu wa pekee kwa ajili ya kuhifadhiwa.

Mwanachama wetu mmoja kijana alinunua seti hiyo kwa fedha aliyoidunduliza. Kisanduku kilikuwa halali, na sarafu tatu hazikuwa na neno. Shilingi ndiyo iliyotutia shaka. Sarafu ya prufu hupigwa kwa chapa, yaani mihuri ya chuma, zilizosuguliwa hadi zikang'aa, hivyo uwanja wake, ile sehemu isiyo na mchoro wala herufi, huwa kama kioo, herufi husimama wima na ukingo huwa mkali. Hii iling'aa kweli, lakini ukingo wake ulikuwa umelika na nywele za Mwalimu zimefifia. Tulipoiinamisha taratibu chini ya taa, lenzi ikaonyesha mikwaruzo myembamba iliyopita uwanjani, ikapanda juu ya herufi na kushuka upande wa pili. Mistari inayotokana na kusuguliwa kwa chapa haifanyi hivyo: hiyo huwa imeinuka kidogo, na hukoma pale herufi inapoanzia. Mikwaruzo ile ilikuwa ya kitambaa na dawa ya kung'arishia. Mtu alichukua shilingi iliyokwishatumika sokoni, akaisugua, akaipachika mahali pa ile ya asili.

Nilisikitika sana, na sioni haya kusema hivyo. Kisanduku peke yake hakithibitishi kitu, maana visanduku vitupu navyo huuzwa. Kinachosaidia zaidi ni kuzitazama sarafu zote kwa pamoja. Zilizokaa mahali pamoja tangu 1966 huzeeka kwa namna zinazohusiana. Shaba ya senti 5 hugeuka rangi mapema kuliko shilingi, hilo ni la kawaida, lakini moja ikiwa nyeupe kabisa wakati wenzake wote wana rangi ya uzee, uliza maswali kabla ya kutoa fedha.

Kwa sarafu za Tanzania za madini ya fedha za 1974, zilizohusu uhifadhi wa wanyamapori, mizani inatosha kuanzia. Shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye kifaru zilitoka kwa aina mbili. Za prufu ni fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha halisi katika kila 1,000, zenye uzito wa gramu 28.28 na gramu 35. Za kawaida ni fedha ya 500, nazo ni nyepesi kwa gramu kadhaa. Mtu akikuletea twiga wa kawaida ndani ya kisanduku cha prufu, mizani ya sonara itamuumbua papo hapo.

Wenzetu wanaokusanya za Kenya wajue kwamba sarafu za 1966 hazina maandishi kuizunguka sura ya Mzee Kenyatta, yalianza 1969. Seti za prufu za 1966 zinazotajwa kwenye orodha za wakusanyaji ni 27 tu, kwa hiyo ukitajiwa moja kwa bei rahisi, usiharakishe. Na wanaoletewa seti za Marekani waichunguze ile ya 1970: nusu dola yake ya kiwanda cha Denver haikutolewa kwa matumizi ya sokoni, ilitengenezwa kwa ajili ya seti tu. Ndiyo maana wengi huzipasua pakiti ili kuichukua. Angalieni mshono wa plastiki kama umeunganishwa upya kwa moto.

Kamati inapendekeza kuwa kuanzia mnada ujao wa wanachama, kila muuzaji aandike kwenye karatasi ya seti yake moja kati ya haya: ya asili, iliyokusanywa upya (yaani sarafu zake zimeunganishwa kutoka sehemu mbalimbali), au haijathibitika. Seti iliyokusanywa upya si aibu. Ninayo na naipenda. Kosa ni kuiuza kwa jina lisilo lake. Tunaomba pia idhini ya kununua mizani na lenzi za chama, ili asiye na vifaa asibaki akibahatisha.

Mapendekezo yote mawili yatapigiwa kura baada ya taarifa ya Mweka Hazina. Wenye seti za 1966 wazilete mkutanoni bila kuzisafisha, hata kwa kitambaa laini, tuzilinganishe mezani kwa pamoja.

Wenu,
Mwenyekiti