Kusogeza Mbele Si "Bring Forward": Vitenzi Vyenye Mkia na Jinsi Tunavyovifundisha

Mteja mmoja alitujia sisi tunaofundisha Kiingereza, na barua pepe aliyoichapisha kwenye karatasi na kuikunja mara nne. Ilikuwa na mistari mitatu tu, kutoka kampuni aliyoomba kazi, na mstari wa kati ulisema: "We may have to bring your interview forward, so please be ready." Yeye alisoma, akatafsiri kichwani neno kwa neno, akapata "huenda tukausogeza mbele usaili wako." Akashusha pumzi. Kwa Kiswahili, shughuli ikisogezwa mbele maana yake umeongezewa siku. Akaweka madaftari pembeni, akaenda kumsaidia dada yake kuhama nyumba. Simu ya usaili ikamkuta kwenye ngazi, siku tatu kabla ya tarehe aliyoijua, kabeba godoro kichwani.

"Bring forward" ni kuleta karibu, yaani kufanya mapema. Ndugu yake, "push back", ambaye sikio letu linamsikia kama kurudisha nyuma, ndiye hasa anayeahirisha. Kiingereza kimegeuza mambo kabisa hapo, na wala si kwamba mteja wetu alikuwa mvivu wa kusoma. Wenye lugha yao wenyewe hujichanganya na jirani wa karibu wa neno hilo: ukiwaambia kikao cha Jumatano kimefanyiwa "moved forward" kwa siku mbili, wapo watakaokuja Jumatatu na wapo watakaokuja Ijumaa, na kila upande utashangaa mwenzake kaelewaje.

Tunaandika makala haya kwa sababu swali hili ndilo linaloongoza kwenye simu tunazopokea. Watu wanatuambia: sarufi ninaijua, msamiati ninao, magazeti ninasoma, lakini wakianza kuongea wao kwa wao napotea. Ukichimba kidogo unakuta kilichowapoteza si maneno magumu. Ni "get", "put", "take", "go", maneno ya mwaka wa kwanza wa shule, yakifuatwa na vineno kama "up", "off", "out" na "over". Waingereza wanaviita "phrasal verbs". Sisi darasani tunaviita vitenzi vyenye mkia. Na kama vinakuchosha, jua hukuanza wewe. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake kubwa ya mwaka 1755, aliandika kwamba hapa ndipo wageni wanapopata taabu kuliko mahali pengine pote katika lugha hiyo, kisha akapanga mifano: "come off", "fall on", "break off", "set out". Aliyeandika hivyo ni Mwingereza.

Sasa kuhusu mkia, maana jina hilo hatukulitoa hewani.

Fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili. Amejua kwamba "ona" ni kutumia macho. Halafu anamsikia mama akimfokea mtoto: "Acha kumwonea mdogo wako!" Atashika kichwa. Kuona kumegeukaje kuwa uonevu? Umeongeza sauti moja tu nyuma ya kitenzi. Mpe na "amka" na "amkia": kwanza unatoka kitandani, halafu unampa mtu shikamoo. Ukitaka kummaliza kabisa, mpangie familia ya "enda" kwenye mstari mmoja: endea, endelea, endesha, endekeza. Kutoka mwendo wa miguu hadi kumdekeza mtoto, shina ni lile lile, kilichobadilika ni mkia. Wewe hukuwahi kukaa chini kuvikariri. Ulivipata kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa na mtu wake, mahali pake na sauti yake.

Kiingereza kinafanya kazi inayofanana, ila mkia hakikuushona. Kimeuacha unaning'inia nje. Sisi tunasema "endelea" kwa pumzi moja, wao wanasema "go on". Sisi "nimeishiwa na sukari", wao "I've run out of sugar". Tazama hilo la pili kwa karibu: ndani ya "ishiwa" kuna "isha", halafu mikia miwili inayomgeuza mtu kuwa ndiye aliyefikwa na kwisha huko. Kazi yote hiyo Kiingereza kimewapa "out" na "of". Ukitafsiri "run" kuwa kukimbia utafika pabaya, sawasawa na yule mgeni anayetafuta macho ndani ya "kumwonea".

Kwa kuwa mkia wa kwetu umo ndani ya neno, Mswahili anapozungumza Kiingereza huuona ule wa nje kama pambo, akaukata. Anaandika "I will pick you at six", naye anadhani amesema nitakuja kukuchukua. Bila "up", Mwingereza anasikia "nitakuchagua". Wengine hufanya kinyume: wanashona mkia pasipo na haja. "Cope" haina mkia, lakini kila wiki tunasahihisha "cope up with". "Discuss" nayo haitaki "about". Mtu akishaambiwa kwamba mikia ni muhimu, anaigawa kama njugu.

Je, mkia wenyewe una maana? Mara nyingi unayo, na hapa ndipo tunapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine. Chukua "up". Kila mtu anajua ni juu. Lakini katika "eat up", "drink up", "use up" na "fill up" hakuna kinachopanda popote, isipokuwa labda mafuta ndani ya tangi. Hapo "up" inasema kazi imefanywa ikaisha, hakikubaki kitu. Ni ile tofauti kati ya "kunywa maziwa" na "kunywa maziwa yote ukaonyesha kikombe". "Down" nayo, katika "slow down", "calm down" na "cut down", inapunguza: mwendo, hasira, sigara. "On" katika "go on", "carry on" na "keep on" haiko juu ya meza yoyote, inasukuma tendo lisikatike. Ukishaijua tabia ya mkia, kitenzi kipya ukikutana nacho unaweza kukisia, na mara nyingi utakuwa karibu.

Mara nyingi, si kila mara. "Off" ndiyo inayotutia adabu. Mwanafunzi wetu mmoja aliambiwa na mfanyakazi mwenzake, "My alarm went off at five." Yeye anajua taa ikiwa "off" imezimika, akajibu kwa huruma: pole, sasa nani alikuamsha? Mwenzake akamkodolea macho. Kengele "ikigo off" inalia. Bomu likifanya hivyo limelipuka. Maziwa yakifanya hivyo yameharibika. Taa ikifanya hivyo, naam, imezimika. Tunachowaambia wanafunzi ni kwamba wafikirie kitu kilichotegwa kikafyatuka: mtego, bunduki, kengele. Kwa maziwa picha hiyo haisaidii kitu, nasi hatujifanyi kwamba inasaidia. Hayo unayajua tu, kama unavyojua kwamba mtu hupiga pasi, hupiga mswaki, hupiga picha na hupiga magoti bila kumpiga yeyote.

Lipo suala la mkia kukaa wapi, na hili ni fupi kuliko vitabu vinavyolifanya. Kwa vitenzi vingi unaweza kusema "turn off the light" au "turn the light off", vyote sawa. Lakini kitu kikiwa kiwakilishi, yaani "it", "him", "them", lazima kikae katikati: "turn it off". Kusema "turn off it" ni kosa linalosikika mara moja. Kisha vipo vinavyokataa kabisa kutenganishwa, kama "look after" na "run into": ni "look after him", hata kama kiwakilishi kinalia kutaka katikati. Kuvitambua hivi hatujapata njia ya mkato inayofaa kuaminiwa. Sikio husaidia kidogo. Katika "turn it off" sauti inakazwa kwenye "off", ilhali katika "look after him" mkazo huhama kulingana na anachotaka kusisitiza msemaji, na kwa kuwa hilo linachanganya, tunawataka wanafunzi waandike sentensi nzima yenye kiwakilishi ndani yake tangu siku ya kwanza. Ukiandika "look after him" daftarini, swali limejibiwa kabla halijaulizwa.

Jambo la watu wa maofisini ni adabu ya neno. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa kwa muda mrefu, na Kilatini kikaendelea kuwa lugha ya kanisa na wasomi. Maneno ya huko yakamwagika ndani ya Kiingereza yakakaa sebuleni, ya kienyeji yakabaki jikoni. Ndiyo maana kuna "put off" na "postpone", "put out" na "extinguish", "put up with" na "tolerate". Sisi jambo hilo si geni: mtu hufa, lakini tangazo la msiba husema amefariki, neno tulilolitoa Kiarabu. Unaona ajali, lakini mahakamani unaishuhudia. Kwa hiyo mteja anayeuliza kama aandike "put off" au "postpone" tunamuuliza anamwandikia nani. Hata hivyo usiende mbali ukadhani kila chenye mkia ni cha mtaani. "Carry out" inatembea kwenye ripoti za utafiti kifua mbele, na hakuna mhariri anayeifukuza.

Tunafundishaje, basi? Kwanza nitaje tusichofanya. Hatutoi orodha ya vitenzi elfu moja. Wateja huiomba, na huwa wanavunjika moyo tukikataa, lakini tumewaona wengi waliokuja nayo tayari mfukoni. Orodha hizo hupangwa kwa kitenzi: "get up", "get by", "get on", "get over", "get through", vyote ukurasa mmoja. Ni kama kutambulishwa kwa ndugu kumi waliovaa sare, halafu kesho uulizwe nani ni nani. Mwaka 2015 watafiti Mélodie Garnier na Norbert Schmitt walitoa orodha ya vitenzi 150 vya aina hii vinavyotumika zaidi, na ndani yake kila kitenzi kilibaki na maana mbili hivi kwa wastani, zile zinazobeba sehemu kubwa ya matumizi yake. Kamusi ingekupa tano, sita au zaidi kwa kimoja. Sisi tunaanzia huko, kwenye vichache na maana chache, na "go on" hupata kipindi kizima peke yake.

Kisha tunakuomba ulete maandishi yako: barua pepe za kazini, jumbe za kundi, maelekezo ya mashine, chochote unachokisoma kweli. Kipindi cha kwanza hatufundishi kitu, tunapiga mstari chini ya mikia. Watu hushtuka. Barua ya nusu ukurasa waliyodhani wameielewa huwa na mikia minane, na mitatu kati yake walikuwa wameiruka kama mawe njiani.

Baada ya hapo ni daftari, na daftari lina kanuni moja: sentensi ya Kiswahili ndiyo inayotangulia, na lazima iwe kweli kwako. Usiandike "see off" ni kusindikiza. Andika "Nilimsindikiza mama uwanja wa ndege", halafu chini yake "I saw my mother off at the airport", kama kweli ulimsindikiza. "Dada yangu analea watoto watatu", ndipo "My sister is bringing up three children". Hapo utagundua kwamba neno moja la Kiswahili lenye mkia wake wa ndani huenda likahitaji mawili au matatu ya Kiingereza, na kwamba kulitafuta kuanzia kwetu ni rahisi kuliko kubomoa la kwao. Mwanafunzi mmoja alijaza kurasa arobaini namna hii akizungumzia duka lake tu. Vitenzi vya kuishiwa, kuagiza upya na kudai madeni alivijua kuliko mimi.

Kama unasoma vitabu vya fani yako pekee na huna mazungumzo ya Kiingereza, pengine hutuhitaji. Maandishi ya kitaalamu hutumia vitenzi hivi kwa uchache, na mara nyingi huwa ni hivyo hivyo vichache vinavyojirudia. Wanaofaidika na sisi ni wanaokaa kwenye vikao, wanaopokea simu, na wanaosubiri barua kama ile iliyokunjwa mara nne.

Yeye, kwa kweli, kazi ile hakuipata. Miezi miwili baadaye aliitwa usaili kwingine, siku ambayo alikuwa na dharura nyumbani, akaamua kuomba siku ya mbele. Alitutumia rasimu saa nne usiku tuipitie. Alichagua kitenzi sahihi, bila msaada wa mtu: "Could we push back it to Thursday?" Tukahamisha neno moja, akatuma.