Barua kwa mwanangu anayerusha mpira wa besiboli: habari ya Dwight Gooden

Mwanangu kipenzi,

Video uliyonitumia nimeiona, nikairudia na kuirudia mpaka shangazi yako akaninyang'anya simu na yeye aone. Zile herufi K wenzako walizokubandikia kwenye wavu, moja kwa kila mpigaji uliyemtoa kwa straiki, yaani aliyeshindwa mipira yako mitatu, zilinipa raha sana kiukweli, halafu zikanikumbusha mtu, na ndo maana leo nimekaa kuandika badala ya kupiga, maana kwenye simu unaniambia tu sawa mama sawa mama na darasa limeanza.

Mtu mwenyewe ni Dwight Gooden, mrushaji wa besiboli wa Marekani. Jina unalijua, namba yake 16 umeiona juu pale Citi Field, uwanja wa timu ya Mets ya New York, ila naona nyie vijana mnachojua ni kwamba alikuwa mkali afu unga ukammaliza, basi. Nataka uijue zaidi ya hapo, kwa sababu umri ulionao sasa ndo umri ule ule mambo yake yalipoanza.

Huyu ni mtoto wa Tampa, Florida, kazaliwa 1964. Baba yake, mzee Dan, ndo aliyemfundisha kurusha. Mets wakamchukua 1982 akiwa na miaka 17, mwaka uliofuata wakampeleka ligi ya chini huko Lynchburg, Virginia, akatoa wapigaji 300 kwa straiki msimu mmoja. 1984 yuko New York na miaka 19, anatoa wapigaji 276, rekodi ya zama hizi kwa mtu wa msimu wa kwanza, na mashabiki pale Shea Stadium, uwanja wa Mets wa wakati ule, ndo wakaanza kumtundikia K ukutani kila anapomtoa mtu, wakamwita Doctor K. Msimu wa 1985 sasa, mwanangu, alishinda mechi 24 akapoteza 4 tu, na ran, yaani pointi, alizofungwa ni wastani wa 1.53 kwa kila ininga tisa, yaani vipindi tisa vya mechi nzima! Akapewa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, na miaka 20, hakuna aliyewahi kuipata akiwa mdogo hivyo. Mpira wake wa kasi na ule wa kupinda wapigaji wakubwa waliishia kuutazama tu unapita.

Hapo mimi kama mama naanza kuhesabu vitu vingine. Ininga 218 akiwa na 19. Ininga 276 na ushee akiwa na 20. Ininga 250 akiwa na 21. Mtoto huyo bado anakua! Mwaka 1989 bega likamgomea, 1991 akafanyiwa operesheni. Watu hupenda kusema ni kokeni peke yake ndo iliyomshusha, mimi sikubali, lile bega lilitumika kama mali ya kila mtu na hakuna mkubwa aliyesema mtoto apumzike. Kwa hiyo kocha wako akikuambia umeshafikisha idadi ya mipira, toka, usinune.

Ila sababu kubwa ya barua hii ni Oktoba 1986. Mets wamewafunga Boston, wamechukua World Series, yaani ubingwa wa besiboli Marekani, kesho yake New York nzima iko barabarani kule Manhattan, karatasi zinamwagwa kutoka maghorofani, wachezaji wanapita wanapungiwa mikono, na Gooden hayupo. Ikasemwa amepitiwa na usingizi. Miaka baadaye akaeleza mwenyewe kwamba usiku ule aliondoka kwenye sherehe akaenda kwa muuza unga, akakesha huko, na asubuhi akawa kajifungia kwake Long Island anaangalia paredi ya timu yake kwenye TV. Miaka 21. Nikiwaza ile picha kinachoniumiza hata sio kokeni yenyewe, ni kwamba katika jiji lote lile hakuwa na mtu hata mmoja wa kumpigia akamwambia njoo unichukue nimeharibu. Au alikuwepo na akaona aibu kumpigia.

Mimi nimekulia Tanga, mateja nimekaa nao mtaa mmoja, wengine tumesoma nao. Hakuna niliyemuona akianza kwa sababu ni mtu mbaya. Walianza na marafiki, kwa kujaribu, halafu wakaanza kuficha, na kuficha ndo kulikowamaliza haraka kuliko kitu chenyewe, kwa sababu mtu anayeficha hawezi kuomba msaada, anabaki anatunga uongo mmoja kufunika mwingine mpaka mama mzazi anakuwa mtu wa kukwepwa.

Gooden naye ndo hivyo hivyo. Mwaka 1987 alipimwa akakutwa na kokeni mwilini, akaingia kituo cha matibabu, miezi miwili ya kwanza ya msimu hakucheza, karudi akashinda mechi 15. Watu wakasema kapona. Na kweli akaendelea, ushindi wake wa 100 alifikisha na miaka 24. Mwaka 1994 ikarudi, akafungiwa siku 60, na ndani ya kifungo hicho akakutwa nayo tena, wakamfungia msimu mzima wa 1995. Amesimulia mwenyewe kwamba kipindi hicho mke wake alimkuta chumbani kajiwekea bastola kichwani. Sikuandikii haya nikutishe. Nakuandikia ili siku ukimuona mwenzako wa timu amenyamaza kupita kawaida usimuache peke yake, hata kama ndo mkali wenu kuliko wote, hasa kama ndo mkali.

Halafu tarehe 14 Mei 1996. Hii hadithi naipenda na nitaisema kwa urefu. Yankees, timu nyingine ya New York, walikuwa wamempa nafasi, bega limechoka, jina limechafuka, na baba yake kesho yake anapasuliwa moyo kule Tampa. Angeweza kupanda ndege aende hospitali na hakuna ambaye angemlaumu. Akaamua arushe kwanza. Anakabiliana na timu ya Seattle yenye wapigaji wakali, yumo Griffey, yumo Alex Rodriguez, yumo Edgar Martinez, yaani sio timu ya kuchezea, na ininga tisa zikaisha hakuna hata mmoja aliyempiga hiti, yaani aliyeupiga mpira wake akafika kituo salama. Kwenye ubora wake wote na Mets hakuwahi kufanya hivyo, amekuja kukifanya akiwa na bega bovu na mawazo ya baba. Wenzake wakambeba mabegani. Kesho yake akaenda Tampa na ule mpira. Mzee Dan alifariki Januari 1997.

Baada ya kustaafu 2001 na ushindi wake 194 ndo yakaja ya kuumiza zaidi. Alikamatwa Tampa, na mwaka 2006 akaenda jela baada ya kuvunja masharti ya mahakama kwa sababu ya kokeni ile ile. Mwaka 2010 akapata ajali New Jersey akiwa ametumia, mtoto wake mdogo yumo ndani ya gari. Mwaka 2019 tena, mara mbili ndani ya miezi miwili. Watu humtaja kwa kusikitika, kipaji kimepotea, angeingia Hall of Fame, jumba la heshima la wachezaji bora. Mimi hilo neno la kupotea silipendi. Mtu ambaye ameanguka mara zote hizo na bado anarudi kuanza upya, huyo anapigana kila siku, sisi tu hatuoni kwa sababu hakuna anayemtundikia K.

Tarehe 14 Aprili 2024 Mets wakaipandisha namba 16 juu, uwanja umejaa, watu wamesimama wanampigia makofi. Kuna waliosema imechelewa sana. Mimi nilifurahi alikuwepo, mzima, kwa miguu yake.

Sasa baba, ninachokuomba. Ukiharibu, iwe pombe, iwe unga, iwe mimba ya mtu, iwe umefeli, nipigie siku hiyo hiyo, usisubiri upate maneno mazuri. Saa nane usiku pia piga. Nitagomba, unanijua, ila nitakuwa nagomba huku navaa viatu nije. Na usiniambie sawa mama. Nijibu kwa maandishi kwamba umenielewa na utapiga.

Jumamosi tunakuja mimi na shangazi, nitumie anuani ya uwanja na saa mnayoanza. Bega uweke barafu leo leo, maana kwenye video nimeona ulivyolishika mwisho pale ukadhani kamera imezimwa.

Mama yako