Karatasi Mkononi mwa Juan

Bronx, 18 Juni 2023

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, watoto wamenipita kimo. Nakuandikia kwa mkono maana kwenye simu hunipi nafasi, na hili nataka ulisikie hadi mwisho.

Jana nilikwenda Makumbusho ya Metropolitan, yale makubwa ya sanaa hapa New York. Wana maonyesho ya Juan de Pareja, mchoraji mweusi wa Hispania, karne ya 17. Miaka zaidi ya ishirini alikuwa mtumwa kwenye karakana ya Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme. Mwaka 1650, wakiwa Roma, bwana akamchora mtumwa wake.

Wewe unayeshinda studio kuwaambia watu "inua kidevu, usicheke", picha hiyo ungeipenda. Kageuka upande kidogo, mkono kaupitisha mbele ya tumbo, macho kayakaza kwako. Ile kola ya lesi nikaisogelea mpaka mlinzi akakohoa. Karibu hivyo si lesi hata kidogo, ni rangi nyeupe imepakwa harakaharaka. Rudi hatua mbili, lesi hiyo tena! Inasimuliwa kuwa Velázquez alimtuma Juan mwenyewe aibebe akawaonyeshe marafiki, nao wakabaki wanatazama picha, wanamtazama mtu, hawajui waseme na yupi.

Hati ya kumwacha huru iliandikwa Novemba mwaka huohuo, kwa sharti atumike miaka minne zaidi. Minne, shoga! Baada ya kumchora vile.

Alipokuwa huru akachora Madrid kwa jina lake. Iko moja ya mwaka 1661, upana wake unazidi mita tatu: Yesu anamwita Mathayo mtoza ushuru. Wote wana shughuli na meza yao. Kushoto, pembeni kabisa, kasimama Juan, anatutazama sisi, na mkononi kashika karatasi yenye jina lake. Hapo nilisimama mpaka miguu ikaniuma. Ila kajichora mweupe kuliko alivyochorwa Roma, na pua kaichongoa. Wataalamu wana maelezo yao. Mimi nilikumbuka wateja wako wanaokunong'oneza, "Dada, nitoe mweupe kidogo."

Nilijifunza pia kwamba Arturo Schomburg, mkusanyaji wa vitabu na kumbukumbu za watu weusi, yule ambaye jina lake liko kwenye maktaba ya Harlem, mtaa wa 135, alifunga safari hadi Hispania mwaka 1926 kuzitafuta picha za Juan. Miaka yote napita pale mlangoni, sikuwa na habari.

Nimekununulia postikadi mbili, ya Roma na ya karatasi. Zitundike karibu na kile kioo wanapochania nywele. Na uniambie: kwenye ile ya Roma, taa yako ungeiweka upande gani? Mimi nimekisia, nikachoka.

Nisalimie mama na wote hapo nyumbani.

Wako,
Zaina