Mkaguzi aje kabla ya lipu

Ndugu Mhariri,

Kila ninapoitwa kukarabati nyumba huwa nauliza kama kibali kimetoka. Jibu karibu siku zote ni lile lile: "Fundi, hatujengi, tunarekebisha tu." Naomba nafasi nieleze kwa nini hiyo "tu" inanitia hofu.

Nyumba mpya inajengwa ikiwa tupu. Inayokarabatiwa ina watu ndani. Wanapika, wanalala, watoto wanapita chini ya dari wakati ukuta wa jana haupo tena. Ukuta unaotaka kuubomoa ili sebule iwe pana, huenda ndio uliobeba kenchi za paa au ghorofa ya juu. Kwa macho huwezi kujua. Mteja mmoja aliwahi kunihakikishia kuwa wake haubebi kitu kwa sababu ni mwembamba! Anayejua ni mwenye ramani, au mhandisi aliyeufuata uzito kutoka paani hadi kwenye msingi.

Na uzito wenyewe watu huupuuza. Lita 1,000 za maji ni tani moja, kabla hujapima tangi lenyewe. Mita moja ya ujazo ya zege ina takriban tani 2.4. Basi anayeongeza slabu ya mita 4 kwa 5, unene sentimita 15, anaitwisha nyumba zaidi ya tani 7, bado kuta, samani na watu. Msingi uliochimbwa kwa ajili ya nyumba isiyo na ghorofa haukupewa taarifa hiyo.

Juni 1995 jengo la maduka la Sampoong, mjini Seoul, liliporomoka na kuua watu 502. Mpango wake ulikuwa umebadilishwa, ghorofa ya tano ikaongezwa, na mitambo mizito ya kupoza hewa ikaburutwa juu ya paa. Nyumba ya familia si jengo kubwa kama lile, najua, lakini nguzo zake zinabeba kwa hesabu ile ile.

Sisi mafundi tuna rafiki mkubwa, naye ni lipu. Lipu hufunika nondo zilizopungua, nyaya zilizosokotwa pamoja na kuviringishiwa utepe, hata bomba linalovuja taratibu. Ndiyo maana, kwangu, kibali si ile karatasi yenye muhuri. Ni ule ukaguzi unaokuja nacho: mtu ambaye halipwi na fundi anaangalia msingi na nondo kabla zege halijamwagwa, na nyaya kabla hazijazibwa. Akiitwa baada ya hapo, atakagua rangi.

Yapo pia yasiyoishia kwenye uzio wako. Ukihamisha shimo la maji taka, unagusa kisima cha jirani. Siku ukiuza, mnunuzi ataomba ramani inayofanana na nyumba anayoiona, na kampuni ya bima nayo inaweza kuuliza swali hilo hilo baada ya moto.

Siwatetei watu wa ofisini. Mwenye nyumba akizungushwa miezi kwa ajili ya chumba kimoja, atajenga usiku, na faili lake litaendelea kulala mezani. Kupaka rangi, kubadilisha vigae au milango ya kabati kusimsumbue mtu hata kidogo. Nguvu za wakaguzi ziende kwenye kuta zinazobomolewa, vyumba vinavyoongezwa, umeme mpya na maji taka, na huko majibu yatolewe haraka.

Hivi karibuni nilikataa kumwaga zege kwa mteja mmoja hadi mkaguzi aje kuona nondo. Akakasirika, akatafuta fundi mwingine. Nimepita pale juzi; slabu imeshamwagwa, ukuta umeshapigwa lipu, na tangi la maji liko juu.

Wako,
Fundi mwashi